Niliwasemea Wote, Nikashindwa Kujisemea

Kosa ni langu. Nalitaja mapema kabla sijaanza kujitetea, maana najijua: nikipewa nafasi ya maneno mawili, natia na la tatu la kujipamba.

Kila Idi ya kuchinja, paja la mbuzi huletwa nyumbani kwangu. Analileta bwana mmoja kutoka Gikondo, fundi wa kuziba magurudumu, limefungwa vizuri kwenye jani la mgomba. Ananishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema, "Fundi, wema wako mimi sitasahau." Kisha anakwenda zake. Nami nabaki na lile paja kama mwizi aliyezawadiwa na mwenye mali!

Wema gani? Wallahi sikumtendea wema. Nilimtendea ubaya mtu yule, tena wa makusudi, na Mungu akaugeuza ukawa heri kwake. Hilo ndilo lililonileta kwako, ndugu msomaji. Mhariri jina langu analo, nimemsihi asilitoe. Watu wa mtaani kwetu Biryogo watanijua tu, lakini hao hawajawahi kukosa habari ya mtu.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko Muhima, ukishuka kuelekea Nyabugogo. Marehemu baba alikuja Kigali na wafanyabiashara wa shanga na nguo, akitokea upande wa Ujiji, akaoa hapa, akazikwa hapa. Kwa hiyo nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa Kiswahili. Ukitupa "iko" ovyo ovyo mbele ya wazee, unanyimwa chai mpaka ujirekebishe. Nikakua na majivuno ya ulimi, na majivuno hayo ndiyo yaliyonifanya mshenga.

Nani asiyenijua kwa ushenga? Kijana wa Biryogo au Nyamirambo akitaka kuposa, wazee wake walikuja dukani. "Fundi, tusemee." Basi navaa kanzu, koti juu, kofia yangu ya viua, naongoza msafara mpaka kwa watu wa binti, nasema. Sikudai kitu. Wengine walinipa kuku, wengine walinipa asante. Na sikuwahi kukataa posa hata moja, iwe ya jua au ya mvua, hata ya mtu nisiyempenda. Watu wakasema huyu anatafuta thawabu. Nikawaacha waseme.

Na vijana wenyewe sasa! Lahaula! Ndugu yangu, kizazi hiki kimepatwa na nini?

Alinijia mmoja, muuza viatu wa pale pale Muhima, suruali pana chini kama sketi mbili, miwani meusi hata ndani ya duka. Nikamuuliza, kwa sababu mshenga lazima aulize, "Umemwambia binti nini mpaka sasa?"

"Nilimpa kaseti."

"Kaseti. Ukamwambia nini?"

"Nyimbo zote zimo, Fundi. Asikilize upande wa pili, ndiyo mitamu zaidi."

"Kijana, wewe na mdomo wako ulio chini ya pua yako, umemwambia nini?"

Akanitazama kama nimemuuliza hesabu. Nikajaribu kumsaidia. Nikamwambia basi niambie mimi, unampendea nini binti wa watu? Akafikiri, akavua miwani, akavaa miwani, akasema, "Ni mzuri. Iko sawa."

Iko sawa! Kama mtu anayenunua baiskeli iliyotumika, amekanyaga pedali mbili tatu akaridhika. Nililicheka jambo hilo mwezi mzima. Nililieleza barazani msikitini baada ya swala, nikalieleza kwa wateja, kila mwenye suruali ya kupunguzwa alisimuliwa habari ya "iko sawa".

Mwingine alikuwa dereva. Huyo mapenzi yake yote aliyatia kwenye honi. Kila akipita mbele ya nyumba ya binti anapiga honi ndefu, basi amemaliza. Siku moja honi ikaharibika. Binti akalia tangu asubuhi mpaka jioni, akidhani ameachwa. Ikabidi mama mtu aende gereji kuuliza kama gari ni zima.

Nami nikawa nasema kwa sauti, nikiwa nimeegemea cherehani yangu: mapenzi yamekufa, wanadamu wa leo hawana ndimi. Baba yangu alimwambia mama, "Mimi nikikuona nasahau bei ya shanga." Na kweli alikuwa anasahau, akala hasara, ndugu zake wakamgombeza. Mama aliisimulia habari hiyo mpaka anakufa, huku anacheka kama msichana. Mimi, kusema kweli, niliona ni maneno ya kitoto. Hayana mizani, hayana fumbo. Mimi nilikuwa na maneno makubwa kuliko hayo.

Haya ndiyo yalikuwa maneno yangu. Nayaandika hapa kwa aibu:

"Enyi watu wa nyumba hii, sikuja na mkono mtupu wala mkono uliojaa. Nimekuja na kiu." Hapo nakohoa kidogo, kikohozi cha heshima. "Kijana wangu amepita visima vingi, hakuinama. Alipofika kwenye kisima chenu, magoti yalilegea yenyewe. Tangu siku hiyo usingizi umemhama, na chakula kinywani mwake kimegeuka mchanga." Hapo natoa leso, nagusa jicho la kushoto. "Basi tumekuja kuuliza: kisima hiki kina mwenyewe?"

Watu walilia, wallahi! Shangazi za mabibi harusi walilia. Siku ya yule dereva wa honi, baba wa binti alinyanyuka akaenda kusimama uani mpaka alipotulia. Na dereva mwenyewe alikuwa kakaa pembeni, mdomo wazi, anajifunza kwa mara ya kwanza jinsi anavyompenda mchumba wake.

Nyuma ya pazia, kila posa, alikuwapo mwanamke mmoja. Nitamwita Zaituni, siyo jina lake. Alikuwa mpishi. Mtaani kwetu hakuna posa, hakuna arusi, hakuna hitima iliyopikwa bila mkono wake. Alikuwa ameachika, hana mtoto, akikaa kwa mjomba wake, na asubuhi akiuza sambusa kibarazani. Mwanamke wa maneno machache na macho makali. Mchele ukiletwa mbovu, hasemi, anautazama tu, na aliyeuleta anaurudisha mwenyewe.

Mara ya kwanza aliponisikia nasema posa, alisikia kile kikohozi. Akadhani nina kifua. Walipogawa chai, watu wote wakapata ya maziwa, mimi nikaletewa kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, chai ya rangi, tangawizi imetwangwa mpaka inawasha pua. "Amesema unywe ya moto," akaniambia aliyeleta. Posa iliyofuata, kikombe kile kile. Na iliyofuata. Bila shaka alikwisha jua kuwa kikohozi changu kinakuja pale pale kwenye "kiu", mvua inyeshe isinyeshe. Tangawizi haikukoma.

Siku moja nikapita uani kumsalimia. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Fundi, leo umewaliza watu."

"Ni kazi tu, Bi Zaituni."

"Na ya kwako utasema lini?"

Ndugu msomaji, moyo ulinipiga kama mguu wa cherehani! Mlango huo, umefunguliwa na mwenyewe, hata kitasa sikushika. Nikatafuta neno. Nikapekua kichwa chote, visima vilikuwamo, kiu ilikuwamo, mchanga ulikuwamo. Nikasema, "Mchele huu ni mzuri."

"Ni wa kawaida," akasema, akaendelea kuchambua.

Nilikuwa nimeshaoa ujanani, kwa kupangiwa na wazee. Tuliachana bila ugomvi, maana hata ugomvi unataka mtu awe na la kusema. Tangu hapo nilijiambia kuwa sina haja. Haja ilikuwapo. Ilikuwa imekaa uani, inachambua mchele, na mimi nimesimama mbele yake na kofia yangu ya viua.

Hatimaye nikaamua. Kwa kawaida mtu hajiposei mwenyewe, anatuma mshenga. Lakini nimtume nani? Kila niliyemfikiria nikamwona hafai: huyu anakimbiza maneno, yule hajui kutulia. Kiburi, ndugu yangu! Nikasema mshenga wa Biryogo ni mmoja, na mshenga huyo ni mimi. Nikawachukua wazee wawili wa kunisindikiza, nikaenda kwa mjomba wa Zaituni, baada ya swala ya alasiri, kanzu imepigwa pasi inakata.

Sebule ilijaa. Nyuma ya pazia nilisikia wanawake wananong'ona. Nikasimama.

"Enyi watu wa nyumba hii, sikuja na mkono mtupu wala mkono uliojaa..."

"Nimekuja na kiu," ikasema sauti nyuma ya pazia.

Ilikuwa sauti ya Zaituni. Yeye akasema, taratibu, kama anayemkumbusha mtoto sala, "Kohoa sasa, Fundi."

Na nikakohoa! Wallahi sikukusudia, koo lilikohoa lenyewe kwa mazoea. Wanawake wakapasuka kwa kicheko. "Yebaba we!" akapiga kelele mmoja kwa Kinyarwanda. Nilipaswa kukaa. Mtu mwenye akili angekaa. Mimi nikaona nikazane, nipande juu ya kicheko kwa sauti: "Kijana wangu amepita visima vingi..."

"Kijana gani?" akauliza mjomba.

"Mimi, Mjomba."

"Ala! Una miaka mingapi, kijana?"

Pazia likatikisika kwa vicheko. Yeye Zaituni akaendelea peke yake mpaka mwisho, magoti, usingizi, mchanga, neno kwa neno, hakukosea hata pumzi. Alipofika kwenye mchanga akasema, "Toa leso." Nikatazama mkono wangu. Leso ilikuwa imekwisha toka.

Mjomba alilia machozi ya kucheka. Wazee wangu wa kunisindikiza, wasaliti wale, mmoja alijifunika uso kwa kofia.

Kisha pazia likafunguliwa, akatoka. Yeye hakuwa anacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, hakuwa anacheka kabisa.

"Fundi," akasema, "umekuja kwa heshima, na mimi sikufukuzi. Lakini hayo ni ya muuza viatu. Hayo ni ya dereva. Nimeyapikia pilau maneno hayo mpaka nayajua kuliko chumvi. Ya kwako ni yapi?"

Nyumba nzima ikanigeukia. Hata wale wa nyuma ya pazia. Na mimi, ulimi wa mtaa, mtoto wa Mswahili wa Ujiji, mcheka watu, nikafungua kinywa. Nikasema:

"Wewe... ni mzuri. Iko sawa."

Astaghfirullah! Nisikilizeni, nimefedheheka maishani mara nyingi. Nimewahi kushona koti la bwana arusi likapasuka mgongoni mbele ya imamu. Lakini kicheko cha siku ile kilitoka nje ya nyumba, kikashuka barabara, kikanitangulia nyumbani. Kesho yake asubuhi watoto wakaniita kwa jina jipya. Hawakuniita tena Fundi wa Maneno, kama walivyozoea. Waliniita Kaseti. Nikipita, wanapaza sauti, "Geuza upande wa pili!" Yule muuza viatu, siku niliyopita mbele ya meza yake, alivua miwani meusi ili anione vizuri.

Lakini sikiliza, maana sijafika kwenye kosa lenyewe. Watu walipomaliza kucheka, Zaituni alinisindikiza mpaka mlangoni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Rudi. Njoo na neno moja tu lililo lako. Likiwa kilema, lije likichechemea."

Je, mtu anataka nini tena? Aliniambia nirudi!

Sikurudi. Nilikaa dukani msimu mzima wa masika natafuta neno. Nikipata moja, naliona limeshavaliwa na mtu. Nikipata jingine, naliona fupi. Nilitaka nirudi na neno litakalowanyamazisha wote waliocheka, litakalofuta jina la Kaseti. Ndiyo, nilikuwa nawaza wale wa nyuma ya pazia kuliko yeye aliyetoka mbele ya pazia. Neno kilema sikulitaka. Mimi niende na kilema? Mimi?

Masika yakaisha. Siku moja akaingia dukani mtu mrefu, mikono myeusi kwa mpira na mafuta, amebeba suruali ya kubadilishwa zipu. Nitamwita Saidi. Kwao Masaka, wakulima, Waislamu wa juzi juzi, Kiswahili amekiokota ukubwani huko gereji za Gikondo. Jina langu jipya halikuwa limefika kwao bado.

"Fundi, iko wewe unasemeaga watu?"

Sikumjibu kwamba nimeacha. Mazoea yana nguvu. Nikamuuliza, "Unamtaka nani?"

"Ule mama ya pilau. Wa Biryogo. Zaituni."

Nilikuwa nashona suruali ya mteja. Baadaye niligundua nimeunganisha mguu wa kulia na wa kushoto, vizuri kabisa, mshono umenyooka.

"Na unataka nimwambie nini?" nikamuuliza, nikainua macho, nasubiri "iko sawa" yake.

Akaweka suruali mezani. Akajifuta mikono, na mikono haikufutika.

"Mwambie mimi naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa jioni. Bibi yangu arikufa, iko watoto wawili. Jioni wanakaa, wananiangaria tu. Napika ugari, inaungua. Wanakura, hawasemi kitu. Mudogo hachekaga, tangu mama yake afe hachekaga. Sasa ile harusi ya kaka yangu, tulikura pilau ya ule mama. Alimupa mudogo ukoko, ile ya chini ya chungu. Mutoto akacheka. Mimi sikurara ile siku, Fundi. Nirikuwa nafikiri tu: mutoto alicheka."

Ndugu msomaji, sikia sasa ubaya wangu.

Niliyasikia maneno yale na roho yangu ikayatambua. Lakini kichwa changu, kichwa cha fundi, kikasema: sikia Kiswahili hicho! Sikia "ugari"! Mtu huyu akisimama sebuleni kwa Mjomba na hadithi ya ugali ulioungua, wale wanawake watamcheka mpaka wazirai. Kicheko chake kitakuwa kikubwa kuliko changu. Mtaa utapata jina jipya la kuita, na langu litasahaulika.

Nikamshika bega kama kaka. "Saidi, ndugu yangu, wewe huhitaji mshenga. Nenda mwenyewe. Sema hivyo hivyo ulivyoniambia, usibadilishe kitu. Na ile ya ugali kuungua usiiache."

"Kweli, Fundi? Haina aibu?"

"Aibu gani? Ndiyo nzuri. Mimi nitakusindikiza."

Nitakusindikiza! Nilitaka kuwa na kiti cha mbele. Nilipiga pasi kanzu ile ile kwa furaha, nikipiga mluzi. Mungu anisamehe.

Tukaenda. Sebule ile ile, pazia lile lile. Nilipoingia tu wakaanza kukohoa huko nyuma, nikavumilia kwa sababu nilijua kinachokuja. Saidi akasimama. Alikuwa ameikunja kofia mkononi kama mtu anayekamua nguo.

"Mjomba," akasema, "mimi sijui kusema. Mimi naziba magurudumu."

Kicheko cha kwanza hicho, nyuma ya pazia. Nikatulia vizuri kwenye kiti.

"Iko watoto wawili. Napika ugari, inaungua."

Cha pili, kikubwa zaidi. "Ariko sha!" akasema mmoja, "ugari!" Nikawa nauma midomo nisionekane.

Kisha akafika kwenye mtoto. Akaeleza jinsi mtoto anavyokaa. Akaeleza ule ukoko. Sauti ikamkatika, akasimama hivyo hivyo, hakutoa leso, nadhani hakuwa nayo, machozi yakashuka mpaka kwenye ndevu na akayaacha. "Mutoto alicheka," akasema. "Basi mimi nakuja kusema ile. Na ukikataa, nitakujaga tu kununua sambusa."

Sikusikia kicheko cha tatu. Nilikisubiri. Niligeuza hata shingo kutazama pazia. Kuku wa jirani ndiye aliyesikika.

Halafu sauti ya Zaituni ikauliza, polepole:

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

Nikajua nimekwisha.

Saidi akataja jina la mtoto. Zaituni akasema, "Ugali unaungua kwa sababu moto wako ni mwingi na hukorogi. Niletee watoto Ijumaa wale hapa." Mjomba akamtazama Saidi, akatazama pazia, akaanza kusoma Fatiha bila kuulizwa. Nami nikainua mikono pamoja na wengine, nikaitikia amina. Ningefanya nini?

Siku ya arusi mpishi alikuwa mwingine, maana bibi arusi hajipikii. Mjomba, mtu asiye na haya, akaniomba niseme machache. Nikasimama. Nikavuta pumzi. Kabla sijatamka neno, ukumbi mzima, wanaume, wanawake, watoto, mpaka imamu, Mungu amweke, wakakohoa kwa pamoja. Nikakaa.

Saidi yeye hakuelewa utani huo. Akasimama akatangaza mbele ya watu wote kwamba Fundi ndiye aliyemfungua mdomo, Fundi ndiye aliyemwambia aende mwenyewe, hakutaka hata asante. Watu wakanitazama upya. Wazee wakanishika mkono. Nami nikatabasamu! Nikapokea! Ndivyo lilivyoanza hilo paja la mbuzi.

Kisha chai ikagawiwa. Nikaletewa kikombe cha kioo kama cha kila mtu, chai ya maziwa, tamu. Nikanusa, nikaonja, nikakoroga mpaka chini. Haikuwa na tangawizi.

Hapo ndipo neno liliponijia, ndugu yangu. Pale pale, kikombe mkononi, yeye amekaa kwenye jamvi la wenziwe na hina mpaka kwenye viwiko. Neno nililolitafuta masika yote lilikuwa limekaa kwenye kikombe cha bati miaka yote. Mnakumbuka nilisema sikuwahi kukataa posa hata moja, na watu wakadhani natafuta thawabu? Thawabu gani! Kila penye posa palikuwa na chungu, na kila penye chungu alikuwapo yeye. Wale vijana wote, yule wa kaseti, yule wa honi, niliwaposea wake ili nipate chai ya Zaituni.

Ningemwambia hivyo tu: "Mimi naposea watu ili ninywe chai yako." Halina kisima, halina mchanga. Baba yangu angelielewa, yule aliyesahau bei ya shanga. Lingefika likichechemea, na angelifungulia mlango.

Kwa hiyo, enyi vijana wa kaseti na honi, nimeacha kuwacheka. Sina haki hiyo. Nyinyi mlikosa maneno na mkajua mmekosa, mkaja kuazima kwangu. Mimi nilikuwa nayo tele, nikayagawa mpaka nikadhani ghala limejaa, kumbe yote yalikuwa ya dukani.

Na Saidi, ndugu yangu, ukisomewa haya na mkeo, jua kwamba paja lile sikulistahili. Nilikupeleka uchekwe. Usiniletee tena, au niletee ukiwa unajua.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu una neno lake kifuani, usilisubiri linyooke. Usimtume mshenga, usimpe kaseti, usiliazime kwangu. Ondoka sasa hivi, mwambie likiwa bichi, na ugali wake ulioungua na Kiswahili chake kibovu. Ukingoja mpaka uwe nalo zuri, utakuja kumwambia kama ninavyomwambia mimi leo: gazetini, mbele ya watu, bila jina, na yeye yuko Gikondo anampikia mumewe.